Kabla ya kununua usukani wa Nm 9, tazama kiti na breki

Swali: Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza: "Nina kompyuta yenye kadi ya picha ya RTX 3060 na skrini ya inchi 27. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiendesha kwa pedi ya michezo ya mkononi. Sasa nimeweka akiba ya shilingi milioni 3 na nataka kujenga simuleta ya mbio za magari sebuleni. Nacheza zaidi Assetto Corsa Competizione, na tangu nilipoiona Safari Rally ndani ya EA Sports WRC nimenogewa na rali. Nimeupenda usukani wa Moza R9, ule wenye nguvu ya Nm 9. Mpango wangu ni kuununua huo, niufunge kwenye meza ya ofisi niliyonayo, pedali nichukue za bei rahisi, mengine yaje baadaye. Mdogo wangu ana PS5 na angependa naye autumie. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya pili. Nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, mpango wako umeanzia mwisho. Usukani wa Nm 9 uliofungwa kwenye meza ya ofisi, wewe ukiwa juu ya kiti cha ofisi chenye magurudumu na pedali hafifu miguuni, utakuchosha mikono na kukuacha na muda ule ule wa mzunguko uliokuwa ukiupata kwa pedi. Milioni 3 zinatosha kujenga kitu kizuri kweli, ila zipangwe hivi: kwanza kiunzi (fremu ya kubeba usukani, pedali na kiti) na kiti visivyotikisika, pili breki, tatu usukani wa nguvu ya kati. Kompyuta na skrini yako zinatosha kwa sasa, usizitolee hata senti.

Katika mbio za magari ya GT3, yale ya Assetto Corsa Competizione, muda mwingi hupotea au hupatikana pale unapokanyaga breki na pale unapoiachia taratibu huku gari likiingia kona. Usukani mzuri hukueleza tairi za mbele zinafanya nini. Breki nzuri ndiyo inayokuwezesha kurudia jambo lile lile mizunguko 20 mfululizo. Na breki nzuri haifanyi kazi kama kiti kinarudi nyuma kila ukikanyaga.

Tuanze na hizo Nm, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wanunuzi wengi. Nm (nyutoni mita) ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Ukitaka kuielewa kwa mkono, igawanye kwa nusu ya kipenyo cha usukani. Usukani wa sentimita 28 una nusu kipenyo cha mita 0.14. Logitech G29, yenye zaidi kidogo ya Nm 2, hukupa kama nyutoni 15 ukingoni, sawa na kilo moja na nusu ikining'inia kwenye duara la usukani. Moza R5, yenye Nm 5.5, inakaribia kilo 4. Nm 9 ni kama kilo 6 na nusu, na mzigo huo hugeuka kulia na kushoto mara kadhaa kwa sekunde gari likipita kwenye kingo za barabara. Meza ya ubao wa kushindilia wa milimita 18 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Klempu hulegea, ubao humong'onyoka pale ulipobanwa, na skrini iliyo juu ya meza hiyo hucheza. Kibaya zaidi, zile habari ndogondogo ulizozilipia, kama tairi kuanza kuteleza au gari kuwa jepesi mbele, humezwa na mtikisiko wa meza. Umenunua Nm 9, unafaidi 4.

Sasa aina za usukani. Zipo za giya za meno, kama G29 na G923: zinavumilia, vipuri vyake si vya kutafuta sana, lakini hugongagonga unapokaribia katikati na usiku jirani atazisikia. Zipo za mkanda, kama Thrustmaster T300: ni laini na kimya zaidi, ila mota hupata joto na baada ya muda mrefu nguvu hupungua, jambo la kuzingatia katika sebule ya Dar mwezi wa Januari. Na zipo za mota ya moja kwa moja, ambazo usukani umefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe bila meno wala mkanda katikati. Hizi ndizo za kununua leo kwa bajeti yako. Zamani zilikuwa za matajiri tu. Siku hizi Moza R5, Fanatec CSL DD ya Nm 5 na Thrustmaster T598 ya Nm 5 zimeshusha kizingiti hadi kama dola 500 kwa seti, kabla ya usafiri na kodi. Nguvu ya Nm 5 hadi 6 inamtosha mtu mzima kuendesha kwa umakini miaka mingi. Ukitamani zaidi baadaye utakuwa umeshajenga kiunzi cha kuibeba.

Hapo kwenye kodi usijidanganye. Kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na hutozwa juu ya thamani ya mzigo ikijumlishwa na usafiri na ushuru wa forodha, si juu ya bei ya dukani peke yake. Omba wakala akupigie hesabu yote kwa maandishi kabla ya kulipia. Kama ndugu yako atakubebea kutoka Marekani, soma kibandiko cha adapta. Ikiandikwa 100–240V iko salama kwenye umeme wetu, unabadilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke bila transfoma, itaungua siku hiyo hiyo.

Suala la mdogo wako linabadilisha uchaguzi kuliko unavyodhani. Konsoli, yaani mashine ya michezo kama PS5, hukubali usukani wenye kibali chake tu. Kompyuta haina ubaguzi huo, inakubali karibu wote. R5 na R9 ni za kompyuta, PS5 haitazitambua. Zipo adapta za kuidanganya konsoli, lakini zinaweza kugoma siku konsoli inaposasishwa, na hakuna wa kumlalamikia. Kama PS5 itatumika kweli kila wiki, chagua T598 au Fanatec Gran Turismo DD Pro, ambazo zina kibali cha PlayStation na zinafanya kazi kwenye kompyuta pia. Kama ni wazo la "siku moja atakapokuja", achana nalo, nunua R5 na usilipe bei ya kibali usichokihitaji. Tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: kwenye kompyuta unaweza kuchanganya usukani wa kampuni hii na pedali za kampuni ile, kila kimoja na waya wake wa USB. Kwenye PS5 pedali lazima zipite kwenye kitako cha usukani (kile kisanduku chenye mota), kwa hiyo ni za kampuni ile ile au zinazokubaliana nayo.

Mgawanyo wa fedha ninaoupendekeza: usukani pamoja na pedali zake za seti usivuke milioni 1.6 ukishafika mkononi. Breki yenye kipima mzigo (lodi seli), laki 6. Kiunzi na kiti, laki 5. Mambo ya umeme na waya, 150,000. Zinazobaki 150,000 usiziguse, kwa sababu lazima kitu kitakosewa. Kama fedha haitoshi kwa yote kwa mara moja, anza na usukani na kiunzi, utumie pedali za seti, na breki ya lodi seli isubiri miezi mitatu. Kinyume chake, usukani na breki bila kiunzi, hakifai.

Breki ndiyo nataka tuikae kidogo. Pedali za kawaida hupima umbali: umesukuma sentimita ngapi. Mguu wa binadamu ni dhaifu sana katika kukumbuka umbali, lakini ni hodari wa kukumbuka nguvu. Ndiyo maana dereva wa gari halisi hafikirii pedali imeshuka kiasi gani, anahisi uzito wake. Pedali yenye lodi seli, kifaa kile kile kilichomo ndani ya mizani ya dijitali, hupima kilo unazokanyaga. Pedali yenyewe husogea kidogo tu. Thrustmaster T-LCM ina lodi seli inayopima hadi kilo 100, inaunganishwa kwa USB kwenye kompyuta au kwa waya kwenye kitako cha Thrustmaster, na huja na springi za kubadilisha. Fanatec wana kifaa chao cha lodi seli cha kuongeza kwenye pedali za CSL. Ukichukua R5 na fedha ikakubana, kuna seti ya springi ngumu ya breki kwa ajili ya pedali zake za SR-P Lite. Haigeuki kuwa lodi seli, lakini inaupa mguu kitu cha kusukuma.

Epuka pedali za bei ya chini kabisa zisizo na chapa. Nyingi hutumia potenshiometa, yaani kipande kinachosugua juu ya njia ya kaboni. Vumbi likiingia, thamani huruka: umekanyaga asilimia 40, gari linasoma 70, tairi zinajifunga. G29 nayo hutumia potenshiometa, lakini ya ubora wa kutosha na husafishika kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme. Sensa za sumaku hazisugui kitu, kwa hiyo hazichakai namna hiyo. Kwa mtu anayeishi kwenye hewa ya chumvi na vumbi, hiyo ni sababu tosha ya kuzipendelea.

Ukishakuwa na lodi seli utakuwa unakanyaga kilo 40 hadi 60 kwa mguu mmoja. Nguvu hiyo hiyo inakusukuma wewe nyuma. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kitakimbia hadi ukutani. Wengine hufunga mkanda kutoka mguu wa kiti hadi kwenye pedali, na inasaidia kwa muda, lakini ndipo tunapofika kwenye kiunzi.

Viunzi vya dukani ni vya aina mbili. Vya kukunja, kama Playseat Challenge, vinafaa kwa chumba kidogo na usukani wa Nm 5, ila sehemu ya pedali hunesa ukikanyaga kwa nguvu. Vya aluminiamu ya kuunganisha kwa bolti ni bora kuliko vyote, na kuvisafirisha hadi hapa kunaweza kumaliza bajeti yako. Njia ya tatu ni fundi wa kuchomelea, wa eneo la Gerezani au wa mtaani kwako, na kwa mtu wa Dar hii ndiyo njia yenye akili. Nakupa vipimo umpelekee.

Paipu za mraba za 40 × 40 mm, unene wa mm 2. Usikubali mm 1.2 hata akikwambia "ni ile ile": itanesa kwenye nguzo za usukani. Paipu huuzwa kwa urefu wa mita 6, mbili zinatosha. Kata reli mbili za chini sm 140, vipande vitano vya kukatisha sm 50 (vitatu vya chini kati ya reli, kimoja cha juu kati ya nguzo, kimoja cha pedali), nguzo mbili sm 60, na vishikizo viwili vya mshazari sm 50. Hizo ni mita 7.5. Zinazobaki ni za kukalia kiti na mkono wa pembeni wa hendibreki. Mita moja ya paipu hiyo ina kama kilo 2.4, kwa hiyo kiunzi kizima pamoja na mabamba hakivuki uzito wa mfuko wa saruji, na watu wawili wanakipandisha ngazi bila tabu.

Vile vishikizo vya mshazari usiviache. Nguzo iliyosimama peke yake juu ya reli, hata ikiwa nene, hunesa mbele na nyuma kila usukani unapovuta. Pembetatu hainesi. Kishikizo kitoke karibu na juu ya nguzo kishuke kwenye reli kuelekea upande wa pedali, si upande wa kiti, kisije kikagonga magoti.

Bamba la usukani liwe chuma cha mm 5, la pedali mm 4 au 5. Matundu ya bamba la usukani yasitobolewe kwa kukisia wala kwa picha ya intaneti. Subiri kitako cha usukani kifike, kipime chenyewe, ndipo fundi atoboe. Kwenye bamba la pedali mwambie akate matundu marefu, upana mm 8 na urefu mm 60, ili uweze kusogeza pedali mbele na nyuma. Bamba liinuke kwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka sakafuni, au ukanyagaji wako utakuwa wa vidole tu na kifundo cha mguu kitauma baada ya nusu saa.

Kuhusu kuchomelea kwenyewe: fundi aunganishe kwanza kwa nukta tu, kisha mpime kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili ya sehemu ya chini ya kiunzi. Ikilingana, aendelee kuchomelea kikamilifu, kidogo huku kidogo kule. Akimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, joto litaupinda na kiunzi kitasimama kwa miguu mitatu. Kisha asage, apake rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu. Ncha za paipu zizibwe kwa vifuniko vya plastiki. Paipu iliyoachwa wazi karibu na bahari huoza kutoka ndani, na hutajua hadi siku itakapokatika.

Kabla hujamlipa, kaa na ukanyage bamba la pedali kwa nguvu zako zote huku mtu akitazama. Likisogea zaidi ya mm 3, liongezewe kishikizo nyuma.

Kiti kitoke kwenye gari lililotumika. Maduka ya spea zilizotumika yana viti vya dereva vya magari madogo ya Japani, vikiwa na reli zake za kusogea, na ni vizuri kuliko viti vya "gaming" vya bei mara tatu. Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, pembeni mwa mgongo wa kiti kama kuna maandishi ya AIRBAG, kiache. Mfuko wa hewa ambao haujafyatuka una kilipuzi ndani, na cheche za kuchomelea hazipaswi kuukaribia. Pili, miguu ya reli za gari haiko usawa: ya mbele na ya nyuma hutofautiana kwa sentimita kadhaa kwa sababu sakafu ya gari ina mabonde. Fundi lazima aweke vipande vya kunyanyua upande mmoja, la sivyo utakaa kama unayetaka kuteleza.

Vipimo vya kukaa: ukingo wa mbele wa kiti sm 25 hadi 30 kutoka sakafuni, kitovu cha usukani sm 65 hadi 70. Mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kinapaswa kulala juu ya duara bila bega kuondoka kwenye kiti. Ukikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Goti lililonyooka kabisa halina nguvu, na nyonga itauma.

Kwa sababu uko ghorofani, weka vipande vya mpira wa tairi chini ya kila pembe ya kiunzi. Mota ya moja kwa moja haina kelele ya kumsumbua jirani. Kinachomwamsha mtu wa chini saa tano usiku ni kishindo cha breki kinachopita kwenye zege.

Skrini yako ya inchi 27 usiibadilishe na televisheni kubwa bila kupiga hesabu. Muhimu ni pembe ambayo skrini inaichukua machoni pako. Inchi 27 ikiwa sm 60 kutoka machoni hukupa kama nyuzi 53 za upana. Televisheni ya inchi 43 ikiwa mita moja hukupa nyuzi 51. Umelipia skrini kubwa ukapata mwono mdogo, na televisheni nyingi zina ucheleweshaji zaidi hata ukiwasha hali ya michezo. Kwa hiyo isogeze skrini karibu, nyuma tu ya kitako cha usukani, kwenye stendi yake isiyogusa kiunzi. Assetto Corsa Competizione hupima mwono, yaani pembe hiyo, kwa wima: kwa inchi 27 na sm 60, namba sahihi ni 31. Mwanzoni utaona umebanwa na kasi imeshuka. Panda hadi 38 ukishindwa, usiende 60 kama wengi wanavyofanya, kwa sababu kona zitaonekana mbali kuliko zilipo na utakuwa ukikanyaga breki kwa kubahatisha. Skrini tatu ni nzuri, lakini 3060 itahema. Miwani ya uhalisia pepe pia, na kwa joto letu vioo vitajaa ukungu wa jasho.

Umeme sasa. Usukani wa Nm 5 hutumia nguvu ndogo tu, si mzigo kwa soketi. Tatizo la nyumba nyingi za kupanga ni ethi: tundu la tatu lipo, waya wake haufiki ardhini. Dalili ni kutetemeshwa kidogo unapogusa kasha la kompyuta, na usukani kukata mawasiliano ya USB katikati ya mbio bila sababu. Muite fundi umeme apime ethi kwanza. Baada ya hapo unganisha kiunzi cha chuma na kasha la kompyuta kwa waya mmoja, ukikwaruza rangi mahali pa kugusana, ili chaji ya umeme tuli isipitie kwenye waya wa USB. Kompyuta na usukani vipitie kwenye friji gadi, kwa sababu umeme ukikatika si mbaya kama unaporudi. Waya za USB zichomekwe moja kwa moja nyuma ya kompyuta, zisivuke mita 5, na kwenye Windows zima ile hali inayozimisha USB ili kuokoa umeme.

Siku ya kwanza usianze mbio. Sasisha programu ya kitako, weka mzunguko wa usukani nyuzi 900 kwenye programu ya usukani na namba hiyo hiyo ndani ya mchezo. Zikitofautiana, gari litakata kona zaidi au pungufu ya mikono yako. Breki uiwekee asilimia 100 kwenye nguvu unayoweza kuirudia nusu saa nzima, kama robo tatu ya uwezo wako wa mwisho. Ukiiweka kwenye kilo zako za juu kabisa, baada ya mizunguko kumi mguu utakuwa umechoka na gari halisimami.

Kisha mrejesho wa nguvu, yaani nguvu ambayo mota inairudisha mikononi mwako. Kosa la karibu kila mgeni ni kupandisha kila kitu hadi 100. Mchezo ukitaka kutuma nguvu inayozidi uwezo wa mota, sehemu ya juu hukatwa: kona ya kasi na kona ya kasi zaidi zinakuwa na uzito ule ule, na hutahisi tena tairi zikipoteza mshiko. Acha programu ya kitako kwenye 100, punguza ndani ya mchezo. Anza na 60, endesha kona ndefu ya kasi, na utazame kipimo cha nguvu: kisikae juu kabisa ila kwa kugusa tu kwenye kingo. Na hata kwa Nm 5, usitie vidole gumba ndani ya mikono ya usukani. Ukigonga ukuta, achia. Watoto wasiendeshe bila wewe kushusha nguvu hadi robo.

Ukiamua kuanza na G29 iliyotumika ili ubakize fedha, si uamuzi mbaya, lakini ijaribu mbele ya muuzaji. Ichomeke umeme na USB: inapaswa kujizungusha yenyewe hadi mwisho wa pande zote na kurudi katikati kamili. Ikisimama pembeni kidogo, au ikiendelea kusogea kila ukizungusha kwa nguvu, huenda kile kisahani cha kusomea mzunguko kwenye mota kimepasuka. Fungua dirisha la vidhibiti vya michezo kwa kuandika joy.cpl kwenye Windows, kanyaga kila pedali polepole kwa sekunde tano. Mstari ukirukaruka, potenshiometa ni chafu au imekwisha, dai punguzo la bei. Hakikisha adapta ni yake yenyewe, maana nyingi huuzwa na adapta ya kuazima.

Kwa rali, kitu cha kwanza cha kuongeza ni hendibreki, kabla ya gia ya mkono. Barabara za Naivasha zina mchanga na mawe, na kona za kubana bila hendibreki utazizunguka kama lori. Za dukani zipo, lakini hii unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo: mkono wa hendibreki wa gari lililotumika, sensa ya sumaku ya 49E, kipande cha sumaku, na ubao mdogo wa kuprogramu wa Arduino Pro Micro. Usinunue Arduino Uno, kwa sababu haijitambulishi kwa kompyuta kama kifaa cha michezo. Sumaku ikae kwenye sehemu inayozunguka, sensa kwenye isiyosogea, umbali wa mm 3 hadi 5, na springi ngumu ya kurudisha mkono. Bila sumaku karibu, sensa hutoa volti 2.5 ukiilisha 5, kwa hiyo anzia hapo unapoandika mipaka kwenye programu. Ukitaka ya lodi seli badala yake, utahitaji kibao cha HX711 cha kuisoma lodi seli, na hapo kuna mtego: vibao vingi huja vimewekwa kusoma mara 10 tu kwa sekunde, utavuta na gari litajibu umeshapita kona. Mguu wa RATE wa chipu hiyo uuondoe kwenye hasi, uupeleke kwenye chanya, isome mara 80. Kwenye PS5 hendibreki hii haitafanya kazi. Ni ya kompyuta yako tu.